Panzi wanamaliza mboga Nyanda za Juu Kusini: tuwawahi wakiwa wachanga, na pareto tunayo wenyewe

Mama Bustani (Uyole, Mbeya)

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni.

Kila mwaka mvua zikishaanza kushika, simu za kikundi chetu cha kina mama zinakuwa za aina moja: chainizi imebaki vijiti, mchicha umetobolewa wote, maharage machanga hayana majani. Nikienda kuangalia, mara nyingi nakuta kuna chupa ya sumu kibarazani, imeshafunguliwa, karatasi ya maelekezo haipo, na mwenye bustani kaambiwa tu kwamba hiyo inaua kila kitu. Mboga zenyewe kesho asubuhi zinakwenda sokoni, na jioni hii zinaingia kwenye sufuria ya watoto. Hali hiyo inaniuma sana, ndiyo maana nimefungua huu uzi. Panzi wa bustanini anadhibitika bila hiyo chupa, ila lazima umuwahi. Ukisubiri aote mbawa umechelewa, maana leo utaua wa kwako na kesho wataruka wa porini.

Kwanza hakikisha anayekula ni panzi. Panzi anaanzia ukingoni mwa jani, anaacha mapengo makubwa yasiyo na mpangilio, na mishipa minene anaibakiza. Anakula zaidi jua likiwa limechomoza vizuri. Ukiona ute unaong'aa juu ya jani, huyo ni konokono. Mche ukilala umekatwa usawa wa udongo, huyo ni sota. Fukua palepale kwenye shina utamkuta amejikunja. Vinyesi vya kijani vikijaa kwenye moyo wa kabichi, ni viwavi. Nimeona watu wakimwagia panzi dawa wiki nzima kumbe mwizi ni konokono wa usiku.

Sasa twende kwenye maisha yake. Panzi anataga ardhini. Hapendi tuta lililolimwa likawa laini. Anapenda udongo ulioshikamana: ukingo wa njia, kingo za mfereji, chini ya uzio wa miti, sehemu iliyoachwa bila kulimwa. Chukua jembe dogo ukachimbue ukingo wa njia kina cha kidole tu. Utakutana na kijifuko cha udongo ulioshikamana na povu lililokauka. Kivunje taratibu, ndani mayai yamepangwa yameinama upande mmoja, membamba kama punje za mchele, rangi ya njano iliyofifia. Kijifuko kimoja kina mayai mengi. Ukikifunua juani kinakauka, na kuku au ndege akipita hakibakizi.

Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba hivi mpaka Aprili au Mei. Wapo panzi ambao mayai yao yanavuka kiangazi ardhini, na wapo ambao wakubwa ndio wanaovuka kiangazi, mvua za kwanza zikilainisha udongo wanataga. Kwa vyovyote vile, baada ya mvua kuanza ndipo watoto wanapojaa. Mtoto wa panzi hana mbawa. Anajivua ngozi mara tano au zaidi, na muda wote huo anatembea na kurukaruka tu, haendi mbali na pale alipoanguliwa. Huo ndio muda wetu, na ni wiki kadhaa, si siku mbili.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ifanyike kabla ya mvua: Septemba na Oktoba, geuza udongo wa kingo zote kuizunguka bustani, hatua kadhaa kwenda nje, siyo matuta peke yake. Acha kuku wapite nyuma ya jembe. Watu wengi wanalima bustani vizuri mno halafu wanaacha ukingo, na ukingo ndio wodi ya wazazi ya panzi.

Kazi ya pili ni asubuhi. Mwili wa mdudu unafuata joto la hewa, hauna joto lake wenyewe, na baridi ya Uyole saa 12 asubuhi kila mtu anaijua. Saa hiyo panzi ameganda kwenye jani, miguu imekaza, ukimgusa anasogea tu. Pita na ndoo yenye maji na sabuni kidogo, kinga ndoo chini ya mmea, tikisa. Jua likishaota umande ukakauka, usijisumbue, utamkimbiza bure.

Dawa za kunyunyizia nimeziacha makusudi. Hayo mawili ndiyo yanayopunguza wengi, dawa inamalizia. Karibuni tuchangie.

kijana_mafinga

Asante sana mama. Swali langu: kila ninakosoma wanasema mwarobaini ndiyo dawa ya asili ya wadudu. Hapa Mafinga nimeutafuta sijauona hata mmoja. Nimeambiwa niagize. Inalipa?

Mama Bustani

Mwanangu, mwarobaini ni mti wa joto. Huku juu kwetu baridi inauzuia. Utaukuta ukishuka: Chunya, bonde la Usangu, kule Pawaga. Kama una ndugu huko akakuletea mbegu, zitumie, ni dawa nzuri. Zingatia ni mbegu, maana nguvu imejaa kwenye mbegu kuliko kwenye majani. Gramu 500 za kiini cha mbegu kilichotwangwa, lita 10 za maji, loweka usiku kucha, chuja, nyunyiza jioni. Ila uelewe inavyofanya kazi: haimwangushi panzi palepale. Inamkatisha hamu ya kula, na yule mchanga inamvuruga asiweze kujivua ngozi. Kwa panzi mwenye mbawa zake utaona kama haifanyi kitu.

Lakini wewe uko Mafinga! Umezungukwa na pareto, lile ua la dawa ya wadudu, kiwanda kiko hapohapo kwenu. Tanzania ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa pareto duniani na sehemu kubwa inatoka nyanda hizihizi: Mufindi, Kilolo, Njombe, Makete, Mbeya Vijijini. Tunauza maua, yanasafiri kwenda kulinda nyumba na bustani za watu ng'ambo, halafu sisi tunanunua chupa isiyo na maelekezo. Hapo ndipo ninapotaka tubadilike.

Twanga maua makavu yawe unga laini kabisa. Gramu 20 za unga kwa lita 10 za maji, sabuni ya maji kidogo ili ishike kwenye jani, koroga, chuja kwa kitambaa kisije kikaziba pua ya bomba, nyunyiza hapohapo. Iwe jioni. Mwanga wa jua unaivunja pareto haraka, ukipiga saa 4 asubuhi umemwaga kazi. Na sababu ya pili ya jioni ni nyuki: pareto inaua nyuki kama inavyoua panzi, kwa hiyo subiri warudi mzingani, na usipige kwenye maua yaliyochanua.

Mzee wa Ilembo

Marahaba mwanangu, umenena. Huku Umalila pareto tumeilima tangu ujana wetu. Naongeza machache ya mtu aliyeyashika hayo maua.

Nguvu iko kwenye kichwa cha ua. Majani na shina visikudanganye, hata kama vinanuka vilevile. Chuma ua lililofunguka vizuri, siyo lililofumba na siyo lililozeeka likawa kahawia. Likauke haraka, maana likivunda hakuna kitu. Likishakauka liweke kwenye chombo kinachofunga, mahali pa giza penye ubaridi. Unga uliokaa kwenye mfuko wazi dirishani ni vumbi tu.

La pili, na hili watu wengi hawalijui. Pareto inamwangusha mdudu kwa haraka sana. Utamwona panzi anadondoka chali, miguu ya nyuma inapiga hewa, ukadhani amekufa. Kama dawa ilimpata kidogo, baada ya muda anaamka anaondoka zake. Kwa hiyo ukishanyunyiza usiende kulala. Zunguka na tochi na ndoo, waokote waliolala chini uwamalizie kwenye maji ya sabuni.

La tatu, usichanganye pareto na majivu wala chokaa. Vinaua nguvu yake.

Sululu

Samahani wakuu, mimi nalima kibiashara, ekari mbili za kabichi na karoti Inyala. Haya ya kuamka na ndoo ni ya bustani ya nyuma ya nyumba. Kwangu muda ni hela. Piga sumu asubuhi, jioni umemaliza. Wateja sokoni hawaulizi umetumia nini, wanaangalia jani lina tundu au halina.

Mama Bustani

Kaka Sululu, nakuheshimu, na ekari mbili siyo mchezo. Ila fikiria hivi. Panzi wako wanaanzia wapi? Katikati ya ekari mbili za kabichi hawatagi, wanaanzia pembeni wanaingia. Wakiwa wachanga, unachotakiwa kushughulikia ni mstari wa kuzunguka shamba, siyo shamba lote. Huo mstari unamalizwa kwa bomba chache za pareto jioni moja, au kwa watu wawili na jembe mwezi wa kumi. Anayenyunyizia ekari nzima mara nyingi ni yule aliyesubiri mpaka wakaota mbawa, na hapo hata sumu kali inaua waliopo leo tu.

Halafu hiyo sumu inayoua kila kitu inaua kweli kila kitu. Vunjajungu, buibui, nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai ya panzi, wote wanakwenda. Panzi anarudi mwezi ujao, walinzi wako hawarudi haraka hivyo.

Na kama ni lazima utumie ya dukani, basi iwe iliyosajiliwa na TPHPA (mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu), yenye lebo inayosomeka, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna uziheshimu. Kabichi anayokula mtoto wa Mwanjelwa haina njia ya kumwambia mama yake kwamba ilipigwa juzi.

Sululu

Hoja ya pembeni nimeielewa, sikuwahi kuitazama hivyo. Msimu huu nitajaribu upande mmoja unaopakana na pori, nilinganishe na mwingine.

dada_vinyungu (Kilolo)

Hodi jamani. Sisi wa vinyungu, yaani bustani za bondeni, tuna shida tofauti kidogo. Wakati wa mvua hatuna tatizo kubwa. Balaa linaanza Julai, Agosti. Huko juu vilimani nyasi zimekauka zote, bondeni kinyungu changu ndicho pekee cha kijani. Panzi wakubwa wanashuka kutoka kila upande. Na watu wakichoma moto vilima ndiyo wanakuja kwa wingi kabisa. Huyo mwenye mbawa nimfanyeje?

Mama Bustani

Dada yangu, umegusa mahali pagumu kuliko pote. Panzi mkubwa wa kiangazi hana sababu nyingine ya kuja kwako zaidi ya ukijani. Nitakwambia ninayoyaamini, ila hakuna moja litakalomaliza peke yake.

Moto kwanza. Ongeeni kijijini, maana kuchoma nyasi hakuui panzi kama watu wanavyodhani. Wenye mbawa wanaruka mbele ya moto, mayai yako chini ya udongo moto hauyafikii, wanaokufa ni mijusi na vunjajungu waliokuwa wanawala. Mwisho wa yote panzi wote wa kilima wamesukumwa kwenye kinyungu.

Pili, usifyeke kila kitu kuzunguka bustani wakati panzi wameshakuwa wakubwa. Ukifyeka nyasi zote mwezi wa saba unawafukuzia kwenye mboga. Acha ukanda wa majani mabichi upande wanaotokea, hata kama ni magugu unayamwagilia kidogo, wapate kituo kabla ya kufika kwako. Hapo ndipo uwawinde asubuhi na hapo ndipo upige pareto jioni, mboga ukiziacha bila dawa kabisa. Kufyeka na kulima kingo ni kazi ya kabla ya mayai kuanguliwa.

Tatu ni kuku. Nyie Kilolo mianzi mnayo tele. Jenga uzio wa mianzi wa mistari miwili kuizunguka bustani, katikati njia pana ya kutosha kuku kupita. Kuku wanazunguka humo mchana kutwa, panzi anayetaka kuingia lazima avuke mbele yao, na mboga hazichakurwi. Ukipata kanga ni bora zaidi, wanakula wadudu sana na hawachakuri kama kuku. Anayeruka juu kabisa atapita, ila wengi wanatua tua njiani. Sharti moja tu: kwenye njia hiyo usinyunyize sumu ya aina yoyote.

fundi_neti

Vipi kufunika? Nina vyandarua vya zamani.

dada_vinyungu

Vile vyenye dawa tulivyopewa vya kulalia siwezi kuvipeleka shambani kaka, ni vya watoto. Na panzi anatafuna kitambaa chepesi, nilishaona kwa jirani yangu. Kitambaa kikilala juu ya jani ndiyo kabisa, anakula jani akiwa upande wa nje.

Mama Bustani

Sahihi. Kwa kitalu kidogo cha miche, wavu wa waya wenye matundu madogo, umesimamishwa kwenye fito usiguse majani, unafaa sana. Miche ndiyo ya kulindwa kwa gharama hiyo, maana mche ukiliwa moyo umekwisha. Sukuma wiki iliyokwishakomaa inaweza kupoteza majani kadhaa ikaendelea.

Mwana Makete

Wakuu mbona hamuutaji mti wa utupa? Huku tunao kwenye mipaka ya mashamba na wazee wanautumia miaka yote kwenye mahindi ya ghalani.

Mzee wa Ilembo

Utupa ni dawa, ila una masharti. Majani yakauke kivulini, yatwangwe. Gramu 100 za unga kwa lita 1 ya maji, kwa hiyo bomba la lita 15 linataka kilo moja na nusu. Loweka usiku, chuja, tia sabuni kidogo. Kwenye maharage unasaidia vizuri kwa wadudu wadogo. Panzi mkubwa usiutegemee, mchanga ndiyo.

Sharti lake: sumu ya utupa inaua samaki. Babu zetu waliutumia kuvulia mtoni. Mwenye bwawa la samaki asioshe bomba karibu nalo, na mfereji unaoingia bwawani usipite kwenye matuta uliyonyunyizia. Pareto nayo ni hivyohivyo kwa samaki.

bwana_shamba_mstaafu

Nathibitisha aliyosema Mzee, na kuna jambo moja linalowachanganya wakulima. Utupa siyo wote una sumu. Watafiti walioupima waligundua ipo miti inayofanana kabisa kwa macho lakini majani yake hayana ile sumu inayoua wadudu. Ndiyo maana utasikia mmoja anasema umemsaidia na jirani yake anasema ni uongo, na wote wawili wanasema kweli. Njia rahisi: jaribu maji ya mti wako kwa wadudu wachache kwenye kopo kabla ya kuvuna majani ya debe zima. Ukipata mti wenye nguvu, chukua mbegu za huohuo.

Rungwe Kwetu

Huku Tukuyu tuna panzi wa aina yake. Mnene, mzito, ana rangi za njano, nyeusi na nyekundu, ukimshika ananuka vibaya sana. Wanakaa makundi makundi kwenye kahawa, mihogo, mpaka maua ya uani. Kuku wangu wanamdonoa wanamtema. Je, huyu naye dawa yake ni kuku tu?

bwana_shamba_mstaafu

Huyo, kitaalamu *Zonocerus elegans*, kuku hawatakusaidia. Rangi zile ni tangazo kwamba ana sumu mwilini, na ile harufu ni silaha yake. Wanyama wengi wanamwacha.

Lakini kwa upande mwingine huyu ndiye mwepesi kuliko wote kumshughulikia kwa mkono. Ni mzito, wengi wao hawaruki vizuri hata wakikomaa, na wakiwa wachanga wanalala pamoja. Nenda alfajiri utawakuta wamerundikana kwenye kichaka kimoja, weusi wenye madoa, tawi limejaa. Funika kwa mfuko, kata tawi, umebeba familia nzima. Tena anataga kwa pamoja: majike mengi hutafuta sehemu moja yenye kivuli na udongo wenye unyevu, chini ya uzio au kichaka. Mwezi wa tatu mpaka wa tano waangalie wanakusanyikia wapi, weka kijiti cha alama, halafu mvua zikiisha uchimbe pale. Kaya tatu nne za jirani mkifanya hivyo pamoja mwaka ujao mtaona tofauti. Kaya moja peke yake haitoshi. Nawa mikono baadaye, na watoto wadogo wasichezee.

mwana_wa_Bukoba

Kwetu Kagera tungekuwa tunakusanya tunakaanga. Hawa wenu hawaliki?

bwana_shamba_mstaafu

Senene ni jamii nyingine, ndugu yangu, mtazame ana vipapasio virefu kuliko mwili wake. Wapo panzi wa huku wanaoliwa na watu wanaowajua. Ila huyu wa rangi na harufu, hapana kabisa. Na panzi yeyote aliyetoka kwenye bustani iliyonyunyizwa chochote, usimle na usimpe kuku.

Sumbawanga Mjini

Mimi niulize kuhusu wale nzige wa bonde la Rukwa. Hawa wa bustanini wanaweza kugeuka nzige?

bwana_shamba_mstaafu

Hao wa bustanini, hapana. Nzige wekundu ni aina yao, na mazalia yao yanajulikana: mbuga za Rukwa, Iku-Katavi, Malagarasi, ambazo mafuriko yake yanapanda na kushuka. Kati ya 1930 na 1944 walitoka wakaenea sehemu kubwa ya Afrika ya kati na kusini. Ndiyo maana kuna shirika zima la kuwafuatilia, lina makao yake Ndola, Zambia. Ukiona wekundu wengi wanaruka pamoja, usishike ndoo, mpigie afisa ugani siku hiyohiyo.

Ila hapo Rukwa kuna jambo la kutia moyo linalohusu uzi huu. Mwaka 2009 nzige wekundu walipoongezeka, FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) na washirika wake walitumia dawa iliyotengenezwa kwa kuvu, inaitwa Green Muscle, kwenye eneo la kama hekta 10,000 kwenye mbuga hizo. Kuvu huyo, *Metarhizium acridum*, anashambulia jamii ya panzi na nzige. Chembe zake zinashika kwenye ngozi ya mdudu, zinachimba kuingia ndani, anakufa baada ya wiki moja mpaka tatu. Ndege wanaowala hawadhuriki. Kwa hiyo mtu asikwambie njia za asili ni za bustani ndogo tu. Zimeshafanya kazi kwenye mbuga pana, tena za nchi hii.

Mama Bustani

Hili la kuvu naomba niliongezee, maana wengine mnalo bustanini bila kujua. Mvua zikikolea, ukungu ukishinda siku nzima, angalia ncha za nyasi ndefu. Utamkuta panzi amekufa amekumbatia ncha ya jani, kichwa juu, miguu imefunga kabisa, ukimvuta mwili unakatika. Ni kuvu mwingine wa asili huyo. Anampandisha panzi juu kabla hajafa, ili chembe zake zimwagikie walio chini. Usimng'oe ukamchoma, mwache palepale amwambukize mwenzake. Kila ninapowaona hao nafurahi, najua mwaka huo nina msaidizi.

kijana_mafinga

Mama, na majivu? Na pilipili na kitunguu saumu? Bibi yangu anamwaga majivu kila siku.

Mama Bustani

Msalimie bibi. Majivu kwenye jani lenye umande yanamkera panzi asile, lakini mvua moja yanaoshwa, na ukizidisha yanaziba jani. Kiangazi yanafaa, masika ni kujichosha. Pilipili na kitunguu saumu vinafukuza kwa siku chache kwa harufu na ukali, haviui. Mimi navitumia kwenye miche tu, wakati nikisubiri ishike. Funika macho unaponyunyiza pilipili, upepo wa Uyole hauna adabu. Molasi ndani ya kopo lililofukiwa wanaisifia wengi. Itakukamatia wachache, ila nguvu zako zipeleke kwenye kingo.

kijana_mafinga

Nimekuelewa. La mwisho: nikipiga pareto jioni, mboga nichume lini? Na ile iliyobaki kwenye bomba niitunze?

Mama Bustani

Mimi napitisha siku mbili za jua kamili, kisha nachuma na kuosha kwa maji mengi. Siku zikiwa za mawingu tupu naongeza moja. Iliyobaki usitunze, haitakuwa na nguvu kesho. Imalizie kwenye magugu ya ukingoni hukohuko wanakoanzia, mbali na mfereji. Tengeneza ya kutosha jioni hiyo tu.

Sululu

Mzee wa Ilembo, nimekutumia ujumbe. Nahitaji kilo mbili za maua makavu ya msimu huu, siyo ya mwaka jana.

Mzee wa Ilembo

Nimeuona. Yapo, yako ndani ya debe lililofungwa. Njoo na chombo chenye mfuniko.